Findiki za Kinu Kipofu

Harufu ilianza asubuhi iliyofuata baada ya muhuri kugongwa. Dokta Necati Kalafat alifungua mlango wa maabara yake mjini Giresun, akapokewa na harufu ya unga uliolowa maji, unga wa zamani uliochacha. Maabara ile haikuwahi kuingizwa unga. Humo zilipimwa findiki tu, njugu zile za duara zenye ganda gumu ambazo ndizo zinazoulisha mji mzima. Necati akafungua madirisha, akamlaani mfagizi aliyekuwa likizo, kisha akaketi kitini kwake kama sultani asiye na nchi.

Mtu huyu lazima tumweleze, ingawa kumweleza ni kumpa heshima asiyostahili. Kazi yake ilikuwa kuziuliza njugu kwao ni wapi. Findiki hunywa maji ya mahali ilipoota, na hula udongo wa hapo hapo. Ukiisaga na kuitia mashineni, haiwezi kukuficha: za mlimani hujitaja, za bondeni hujitaja, za nchi jirani nazo hujitaja. Ndiyo maana wafanyabiashara walaghai walimwogopa, na sisi wengine tulimheshimu. Tulikosea wote. Necati hakuwa mwizi, maana hata wizi unataka ujasiri. Alikuwa na kiu moja tu, kuitwa Profesa, cheo ambacho chuo kikuu kilimnyima kila alipokiomba. Na alikuwa na binti mmoja, Elvan, ambaye alimpenda kwa dhati. Ukitaka kumtetea mtu huyu mbele ya Mungu, utaje upendo huo, kwa sababu hakuna kingine cha kutaja.

Bahattin Aga, mfanyabiashara mwenye tumbo kubwa na ulimi wa asali, ndiye aliyeleta findiki zile. Alitaka cheti kiseme ni za Elmabel, kijiji cha juu kabisa mlimani, ambacho findiki zake zinagombaniwa na watengeneza chokoleti wa Ulaya. Mashine ikakataa. Ikaonyesha maji ya korongoni, baridi na mazito kwa chuma, maji ambayo hayapatikani popote isipokuwa Kinu Kipofu.

Kinu hicho cha maji kiliachwa zamani chini ya genge la mlima. Vichaka vyake huinama kwa uzito kila Agosti, na hakuna anayechuma. Kila aliyezaliwa Giresun anajua kwa nini. Vina wenyewe, na wenyewe hawatajwi. Tunawaita wale wa saa njema, tunapita zetu.

"Aga, hizi si za Elmabel," alisema Necati. "Hizi ni za Kinu Kipofu."

Bahattin alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Vibarua wageni, Profesa wangu. Ukungu uliwapoteza, wakachuma wasikojua. Sasa nifanyeje, nikazibandike tena mitini?"

"Mashine imeshajua."

"Mashine inajua, sawa. Lakini anayesema ni wewe. Profesa mzima, unaongozwa na bati lenye taa?"

Profesa! Hapo ndipo bei yake ilipokuwa, na ilikuwa rahisi kuliko bei ya chai. Bahattin alimvika kilemba cha ukoka, naye Necati akainamisha kichwa ili kimkae vizuri. Akaandika Elmabel. Akagonga muhuri. Akapewa pia mfuko wa findiki hizo hizo kwa shukrani, akaupeleka nyumbani, na Elvan akakaa sebuleni akazibangua na kuzila huku akiimba.

Basi harufu ya unga ikabaki maabarani. Siku ya pili ikaja na sauti. Alasiri, ukungu ukiwa umepanda kutoka baharini na kuziba madirisha, mashine ya kusagia njugu ikaanza kuzunguka polepole, si kwa mlio wake wa kila siku bali kwa mngurumo wa jiwe juu ya jiwe. Necati akainuka kuizima. Waya wake ulikuwa umening'inia chini, haujachomekwa popote. Akasimama akiutazama waya huo, na mngurumo ukaendelea mbele yake, na kutoka kwenye mdomo wa mashine ukamwagika unga mweupe, laini, uliolowa, wa nafaka ambayo hakuitia.

"Umeme wa mji huu hovyo kabisa," alisema kwa sauti, peke yake. Hivyo ndivyo walivyo wasomi wa aina yake. Jini likimpiga kofi, ataandika barua kwa shirika la umeme.

Lakini jioni ile alimkuta Elvan amelala macho wazi. Mwili wake ulikuwa baridi kama kokoto la mtoni, na nywele zake zilinuka unga. Daktari wa hospitali alimpima akasema mtoto hana ugonjwa. Nurhan, mkewe Necati, alikaa kitandani amemshika mkono.

"Elvan, mama yupo hapa. Unaniona?"

"Wananiuliza, mama," mtoto alinong'ona.

"Kina nani, roho yangu?"

"Walio chini ya jiwe. Wanauliza findiki zao zimeitwaje jina la watu wengine."

Nurhan akageuka taratibu akamtazama mumewe. Necati akatazama zulia.

Nurhan hakungoja ruhusa. Alimwita Bibi Makbule, mzee wa mtaa wao anayeagua wagonjwa kwa kumimina majini risasi, yale madini laini, ikiwa imeyeyushwa. Walimfunika Elvan shuka, Nurhan akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake, na bibi akamimina humo risasi iliyoyeyushwa jikoni. Ikalia tsss, ikaganda. Bibi akaitoa kwa kijiko. Ilikuwa duara, bapa, na tundu katikati. Hata kipofu angejua ni jiwe la kinu.

"Nani katika nyumba hii amedanganya juu ya mali yao?" aliuliza bibi kwa sauti ya chini.

Necati akakohoa. "Bibi, risasi ikiingia kwenye maji baridi, kwa kawaida—"

"Mwanangu, sikukuuliza habari za risasi. Chukua findiki zilizobaki, mchukue na mtoto, nendeni kinuni. Piga hodi. Watakuuliza, nawe useme kweli yote kwa mdomo wako. Hawataki kingine. Ukikosea, rudi useme tena. Wao hawachoki kusikiliza."

"Na kama sisemi?"

"Basi watahesabu kwamba uliyekwenda naye umewapa."

Kesho yake mchana Necati alikwenda. Nurhan alibaki garini barabarani, kwa kuwa njia ya korongoni ni ya mtu mmoja. Necati akateremka na Elvan mgongoni, amefungwa blanketi, na mfuko mkononi, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuona miguu yake mwenyewe, akawa anasikia tu maji upande wa kushoto na majani ya findiki yakimgusa shavuni kama vidole vya mtu anayetaka kujua sura yake, na kadiri alivyoshuka ndivyo harufu ya unga ilivyoongezeka mpaka akaihisi kwenye ulimi, na mngurumo wa jiwe juu ya jiwe, katika kinu ambacho hakina jiwe tangu enzi za babu zake, ukapanda kutoka ardhini kupitia nyayo zake mpaka kwenye meno.

"Hodi," alisema. Sauti ilimtoka kama ya panya.

"Karibu," alijibiwa, karibu sana, nyuma ya sikio. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyezoea kupokea wageni.

Necati akauweka mfuko chini.

"Hizi ni za wapi?"

"Za hapa. Ni zenu."

"Ahsante. Nani alisema ni za Elmabel?"

Swali ndilo hilo. Jibu lake lilikuwa neno moja, hata mtoto angelisema. Mtu alikuwa amembeba binti yake mgongoni, baridi kama maiti, katikati ya wale wasiotajwa, na bado akafikiria heshima yake! Akafikiria kwamba pengine kuna mchungaji anapita karibu, atasikia, habari itafika mjini.

"Bahattin," alisema. "Bahattin Aga alisema. Mimi nilidanganywa."

Jiwe likanyamaza. Hata maji yakanyamaza.

"Haya," ilisema ile sauti, bila hasira. "Tumesikia."

Mzigo ukamtoka. Kwa muda wa pumzi moja hakukuwa na kitu mgongoni pake, upepo tu. Kisha uzito ukarudi, na mikono miwili yenye joto ikamzunguka shingoni.

"Baba," sauti ya Elvan ikasema kwa furaha, "twende nyumbani."

Nurhan alilia kwa shukrani njia nzima. Lakini mama ni mama. Siku hazikuwa nyingi, akamfuata Necati ukumbini, akafunga mlango.

"Hali chumvi," alinong'ona.

"Watoto wana vituko."

"Necati, hagusi chakula chochote chenye chumvi. Unajua vizuri wasiokula chumvi ni akina nani. Na nikimwita, anageuka kabla sijamaliza kufikiria kumwita." Akamkabidhi shungi la nywele lililofungwa uzi. "Nimelikata akiwa amelala. Si una mashine yako? Lipeleke. Uniambie ni wa wapi."

Necati alikwenda maabarani, na safari hii alijua kabisa anachokitafuta. Unywele huota polepole, na kila kipande hubaki na maji aliyokunywa mtu wakati huo. Nywele za Elvan zilifika kiunoni. Katika ncha zake yalipaswa kuwapo maji ya Trabzon, walikoishi alipokuwa mdogo; juu zaidi, maji ya nyumba yao ya sasa. Necati akazipima kutoka ncha mpaka mzizi. Maji yalikuwa ya aina moja, baridi, mazito kwa chuma. Kiumbe aliyekuwa anacheza sebuleni kwake hakuwahi kunywa hata tone la maji ya binadamu.

Alikaa mbele ya majibu hayo mpaka chai yake ikapoa. Njia ilikuwepo, na aliikumbuka vizuri: rudi useme tena. Lakini kurudi kulitaka kwanza amweleze Nurhan kwamba kule kinuni, mtoto akiwa mgongoni, alidanganya.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa anaosha vyombo. Mikono yake ilisimama ndani ya povu, bomba likiendelea kumwaga.

"Sema."

"Wetu," alisema Necati. "Majibu yako wazi. Ni wetu kabisa."

Nurhan akaangua kilio cha furaha, akakimbilia sebuleni kumkumbatia yule aliyekuwa huko. Necati akabaki mbele ya bomba. Maji ya Giresun hushuka kutoka milimani, hupita makorongo yote kabla ya kufika majumbani, na sasa ndani ya maji hayo, kwa mbali, kulikuwa na sauti nyembamba ya mtoto anayejitahidi asilie.

"Baba? Waambie ni wewe. Baba, waambie tu."

Necati alinyoosha mkono, akafunga bomba, akalikaza.