Neno Lililokosa Mtu

Mzee Nehemia aliipiga meza kofi. Hoja aliyokuwa ametoa, kwa maoni yake, ingewanyamazisha marabi wote duniani. Lakini kile chombo kilichokuwa mbele yake, duara jeusi lisilozidi sahani ya kikombe, kiliibomoa kwa upole kwa hoja tatu, ya mwisho ikitoka kwa mwanachuoni wa Yemeni aliyefariki miaka mia tisa iliyopita. Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka.

Chombo hicho kiliitwa mwenzasomo, na aliyekiunda ni bintiye, Tirza, mhandisi wa akili unde. Tangu kale Wayahudi hawasomi sheria peke yao. Huketi wawili wakitazamana, mmoja akijenga hoja, mwingine akiibomoa. Mwenzasomo kilikuwa kimesoma kila kilichoandikwa kuhusu sheria, wala hakikuchoka. Kilipumzika siku ya Sabato tu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukiwasha. Katika miaka miwili kila nyumba ya Kiyahudi mjini Nakuru ilikuwa nacho. Sifa zilimvimbisha Tirza kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Siku hiyo Mzee Nehemia alimaliza juzuu ya sheria aliyoisoma kwa jina la marehemu mkewe, Yokebedi. Anayemaliza juzuu hufanya karamu na kusema sala maalumu, lakini sharti mbele ya watu wazima kumi. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo cha Yokebedi, na kwao siku huisha jua likizama. Mzee aliitaka sala hiyo leo, si kesho.

Saa kumi alasiri pilau ilikuwa tayari katika sinagogi. Wayahudi hawapendi kuwahesabu watu kwa namba. Hutamka mstari wa maneno kumi, kila mtu neno lake. Walitamka, neno la mwisho likakosa mtu. Tirza alipiga simu kila mahali. Ukumbi huo zamani ulijaa hadi viti vikakosekana, lakini siku hizi watu walisomea nyumbani na vyombo vyao, na wengi hawakukumbuka walikuja lini mara ya mwisho.

Mmoja aliuliza kwa mzaha kama mwenzasomo hakiwezi kuwa wa kumi, maana kinaijua sheria kuwashinda wote.

"Hapana," chombo kilijibu. "Anayehesabiwa ni anayewajibika kuitii sheria. Mimi naijua tu."

Tirza alimgeukia baba yake. Mzee Asafu je? Asafu, fundi wa mabomba ya mvuke, alikuwa amesoma na Nehemia miaka ishirini na sita. Alikuwa mzito wa kuelewa.

"Baba, uliniambia alichoka kusoma."

"Nilikudanganya. Ulipoleta chombo hiki, nilimwambia apumzike mpaka nitakapomwita. Sikumwita."

Wakatoka pamoja, jua likishuka. Mlangoni kwa Asafu, Mzee Nehemia alisema amekuja kuomba msamaha, na kwamba anaona aibu kuja siku ya shida. Asafu alichukua koti na kitabu chake.

"Kwa ajili ya Yokebedi, nakuja," alisema.

Sala ilisemwa kabla jua halijazama. Mzee Nehemia alilia waziwazi, na hakuna aliyemzuia.

Wakati wa kula, Tirza aliketi karibu na Asafu. Aliona kipande cha karatasi katikati ya kitabu chake, akamwuliza mbona hakuendelea.

"Hapo ndipo tulipoachia," alisema Asafu. "Nilikuwa na swali. Baba yako akaniambia nipumzike kabla hajanijibu."

"Lakini Mzee wangu, mwenzasomo nilikuletea mwenyewe."

"Uliniletea, mwanangu, na nashukuru. Kilinijibu siku hiyohiyo, tena vizuri sana. Ila swali nilikuwa nimemwuliza Nehemia."

Mzee Nehemia, aliyesikia yote, aliweka sahani yake chini na kuvuta kiti mpaka mbele ya Asafu.

"Niulize tena," alisema.