Mwili Ulioogopa

Kila asubuhi fundi baiskeli na mkewe, fundi cherehani, hunywa chai pamoja kabla ya kwenda kazini. Asubuhi hiyo chai ilipoa. Mke alisimama mlangoni na begi.

"Narudi kwetu. Tafuta mke aliye mzima."

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Nikae mpaka lini? Tangu tuoane hatujaweza tendo la ndoa. Nasikia maumivu tu. Sasa hata kitandani unanipa mgongo."

Alitoka. Uani, jirani yao muuguzi alikuwa akianika nguo. Machozi ya mke yalitangulia maneno, lakini alisema yote.

"Shoga, hukulogwa," muuguzi alimwambia. "Hilo lina jina na lina tiba. Twendeni kliniki, wewe na mumeo."

Mshauri wa kliniki aliongea bila haya, kama anayezungumzia meno.

"Misuli ya ukeni hujikaza yenyewe, kama jicho linavyojifumba ukilisogezea kidole. Hafanyi makusudi. Wataalamu huiita hali hii vajinismasi."

Fundi alijikuna kichwa. "Mimi nilimwambia avumilie. Nati ikigoma, natia mafuta, naongeza nguvu. Alipolia nikaogopa, nikageukia ukutani."

"Baba, huyu si baiskeli!"

Mke akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Ukilazimisha, mwili unazidi kuogopa," mshauri aliendelea. "Kwanza daktari atampima, akiridhia mwenyewe, tujue kama kuna ugonjwa. Kwa sasa tendo liwekeni kando. Kumbatianeni, pigeni soga. Mama, nitakufundisha kupumua taratibu na kulegeza misuli. Baadaye utajizoeza mwenyewe kuingiza kidole, au kifaa laini, ukianza na kidogo kabisa. Kikiuma, acha. Mwendo ni wako."

"Na mimi?" fundi aliuliza.

"Uliza, kisha usikilize jibu."

Daktari hakukuta ugonjwa. Mazoezi hayakuwa kazi ya siku moja. Kuna wiki mke alikata tamaa. Fundi akamwambia, "Haraka ya nini? Nani anatufukuza?" Akamkanda miguu, wakalala.

Woga ukapungua. Maumivu nayo yakaisha. Waliporudi kliniki, mshauri alifurahi nao.

Jumapili moja mvua ilinyesha, nao hawakuwa na pa kwenda. Mke alikiweka kando kitambaa alichokuwa akishona. Alimtazama mumewe usoni.

"Nakutaka," alisema. "Si kwa sababu mimi ni mkeo. Nakutaka tu."