Karimi Awaita Ndugu Zake

Mwaka wa 1996 Karimi alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alilima njahi, yale maharagwe meusi, na ndizi karibu na Mikinduri, Meru, pamoja na mumewe, Kobia. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu nyuma. Siku moja akipalilia, aliona damu.

Aliendelea kupalilia. Damu ikarudi mara ya pili na ya tatu. Kobia akagundua kuna jambo.

"Mama Mwendwa, unanificha nini?"

"Ni mambo ya wanawake tu."

"Mambo yako ni yangu. Niambie."

Akamwambia, macho chini. Kesho yake wakaenda zahanati pamoja. Muuguzi, Sista Ednah, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hedhi ikishakoma, damu ikirudi, hata tone moja, ni lazima ichunguzwe. Mara nyingi si kansa, lakini hatubahatishi. Kwenu kuna aliyeugua kansa?"

"Mama alikufa kwa kutokwa na damu hivi hivi. Ndugu yangu Bundi, kansa ya utumbo. Watu husema tumelaaniwa."

"Si laana. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kila siku zinazaana. Zikizaana, makosa hutokea, kama mtoto anayenakili ubaoni. Mwili una mafundi wa kusahihisha makosa hayo. Katika koo nyingine watu hurithi fundi dhaifu. Makosa yanarundikana, na kansa inaweza kuanza, hasa kwenye utumbo mkubwa au mji wa mimba. Huenda kwenu ni hivyo. Ikigunduliwa mapema, wengi hupona."

Akawatuma hospitali mjini Meru, ambako daktari alichukua kipande kidogo cha ndani ya mji wa mimba, kikapimwa. Ilikuwa kansa, lakini bado changa. Mji wa mimba ungetolewa.

Karimi alilia. "Nitabaki mwanamke gani?"

"Wangu," Kobia alisema.

Baada ya upasuaji Kobia alimpikia uji wenye madonge, akamlisha kwa kijiko.

"Baba Mwendwa, kansa imeshindwa kuniua. Uji huu utaweza."

Wakacheka mpaka Karimi akashika mshono.

Alipopata nguvu, aliwaita ndugu zake na binti yake Mwendwa. Akawaeleza yote. Akawaomba waende kupimwa, hata kama hawaumwi. Mdogo wake, Mithika, akakunja uso.

"Dada, mambo ya choo tuyaseme mbele ya watu?"

"Bundi aliona damu chooni mwaka mzima. Aliona haya kusema. Tulimzika."

Mithika akainuka, akaenda zake. Lakini mwezi uliofuata alikwenda Nairobi kupimwa. Daktari alikuta kiuvimbe kwenye utumbo mkubwa, ambacho kilikuwa hakijawa kansa bado. Akakitoa. Mwendwa naye alianza kumwona daktari kila mwaka.

Mwaka wa 1999 Karimi alikuwa mzima, analima. Asubuhi moja Mithika alifika na gunia la viazi begani, akalitua mlangoni.

"Vya nini vyote hivi?" Karimi aliuliza.

"Ni malipo ya kunitia aibu mbele ya watu," Mithika alisema, akamkumbatia dada yake.