Mhakiki wa Pili Amekubali

Kifutajina, mtambo wa jarida la sayansi, kilimeza makala ya Dkt. Tunsume Mwasandube kuhusu mihogo kwa mara ya nane, kikanyofoa jina lake, chuo chake, hata mtindo wake wa kuandika, kisha kikaipeleka kwa wahakiki wawili wasiojulikana. Katika Iringa ya mwaka 2093, hakuna mwanasayansi aliyejua nani anamhakiki nani. Ndiyo haki, walisema.

Mhakiki wa Kwanza alipitisha papo hapo, huenda bila kusoma. Wa Pili ndiye mkorofi. Kwa miaka mitatu alikuwa ameirudisha makala mara saba: jaribio lirudiwe, mihogo iongezwe, jedwali la nne "linatia huruma." Tunsume alirudia yote. Makala isipochapishwa, maabara yake ingefungwa Ijumaa. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kioo kikawaka: WOTE WAMEKUBALI. THIBITISHA.

"Hongera, Daktari," alisema Chogo, fundi wa mitambo ya jarida, akichungulia mlangoni. "Leo marehemu kaamka vizuri."

"Marehemu gani?"

Chogo akatazama viatu vyake. "Nilidhani unajua. Wa Pili alifariki mwaka juzi. Kifutajina kina maoni yake ya miaka thelathini, kwa hiyo kinaendelea kuhakiki kama yeye. Alisaini mkataba unaoruhusu. Hata wewe umesaini, ukurasa wa kumi na moja, ule usiosomwa na mtu."

"Na ninyi mkanyamaza."

"Tumwambie nani, dada yangu? Jina lake halionekani popote. Mimi nimejua kwa sababu mjane wake alikuja kuuliza kwa nini simu ya mumewe bado inapokea makala. Msibani hakwenda hata mmoja wetu."

Tunsume akaitafuta hasira, hakuipata. Huzuni nayo haikuwepo. Mara tano alikuwa amemwandikia maiti, kama desturi inavyotaka: "Tunamshukuru Mhakiki kwa maoni yake yenye kujenga."

"Nikiripoti?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Inafutwa. Unaanza upya, na mhakiki mwenye pumzi."

"Maabara inafungwa kesho."

"Ndiyo hivyo."

Akaweka kidole kwenye kioo. Makala ikachapishwa. Akavua koti la maabara, akalikunja taratibu.

"Huyo mama anakaa wapi?"

"Kihesa, nyuma ya zahanati. Utamwambia wewe ni nani?"

Tunsume akaliweka koti mezani. "Nitasema tulifanya kazi pamoja."