Boti Kuukuu ya Bwana Trosclair

Kila alasiri akitoka shule, Odile alipitia gatini kumsaidia baba yake kuchambua kaa: madume sanduku hili, majike lile, wadogo wakirudishwa majini. Kaa hao walikuwa mali ya Bwana Trosclair, tajiri wa baba, mtu mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Ulysse! We kiziwi! Nimesema barafu!"

Kweli, masikio ya Ulysse, baba yake Odile, yalikuwa yamepungua nguvu. Miaka ya kukaa kando ya mashine za boti ndiyo iliyomharibu. Wavuvi wenzake walicheka, na Odile aliumia rohoni. Alitamani baba awe na boti yake mwenyewe, asifokewe tena na mtu yeyote.

Ndiyo maana Jumamosi ile moyo ulimdunda. Trosclair alikuwa anauza boti yake kuukuu ya faiba, na baba alikwenda kuikagua. Pale kwao Luisiana, boti kama hiyo hugongwagongwa kwa nyundo ndogo kabla ya kununuliwa. Mbao zilizofichwa ndani ya faiba zikiwa nzima, hulia kwa ukali. Zikioza, hutoa sauti nzito, iliyokufa. Baba aligonga, Odile akasikiliza kwa niaba yake.

"Kumbe fundi ni haka katoto?" Trosclair alikejeli. "Fanyeni haraka, sijaamka kuja kuwatazama nyie!"

Ubavuni, ko! ko! Safi kabisa. Walipofika ukuta wa nyuma, unaobeba mashine, sauti ikabadilika: du, du.

"Vipi hapa?" baba aliuliza.

Odile alimtazama Trosclair, akakumbuka matusi yote ya gatini. "Pazima, baba."

Uso wa baba ukachanua. "Basi kesho tunamchukua mama yako mpaka bahari kuu." Akamnyooshea Trosclair mkono ili wakubaliane.

Odile aliiwaza mashine ile nzito ikining'inia kwenye mbao mbovu, mama yake akiwa ndani ya boti. Akapiga kelele, "Baba, acha! Nimekudanganya! Nyuma kumeoza!"

"Funga bakuli lako, mtoto mshenzi wewe!" Trosclair alifoka.

Baba alichukua bisibisi, akafungua skrubu moja ya nyuma. Maji ya kahawia yakachuruzika, yakaja na unga wa mbao zilizooza.

"Ubao huu naweza kuubadilisha," alisema. "Lakini bei ya boti nzima silipi. Nakupa nusu."

"Mwizi mkubwa! Lete hiyo nusu, na takataka yako uondoke nayo! Na kazini kwangu usikanyage tena!"

"Sikuwa na nia ya kukanyaga."

Garini, boti ikivutwa nyuma yao, baba aliendesha macho yakiwa barabarani. Odile akadhani yameisha.

"Trosclair alinificha ubovu," baba alisema hatimaye, kwa ukali. "Lakini yeye sikumwamini, ndiyo maana nilikuja na nyundo. Wewe nilikuamini."

Odile aliangua kilio. Akapaza sauti ili baba amsikie: "Nilitaka asikutukane tena!"

"Najua, mwanangu. Lakini amenitukana miaka yote hiyo na bado niko hai. Leo, kwa neno lako moja tu, ningemzamisha mama yako huku nikicheka."