Ndugu Aliyelowa

Mtu wa kwanza kumlaki Tusekile pale Ipinda, Kyela, alimwita kwa jina ambalo hakupaswa kulijua.

"Seki! Umefika, mwanangu!"

Tusekile alisimama ghafla, begi mkononi. Kwa jina la Seki alikuwa akiitwa na mtu mmoja tu duniani, baba yake Anyelwisye, naye walikuwa wamemzika Iringa mwaka uliopita. Huko Iringa ndiko mzee alikoishi zaidi ya miaka thelathini bila kukanyaga tena Kyela, na hakuwahi kusema kwa nini. Barua za ukoo zikija, alizichana. Simu ikipigwa, alikata. Safari hii mwaliko wa mkutano wa ukoo ulimfikia Tusekile mwenyewe, mwalimu wa miaka arobaini asiyemjua hata binamu mmoja kwa sura, akaona heri aende.

Aliyemwita alikuwa mama wa makamo, kitenge chake cha kijani kimelowa kuanzia magotini kushuka chini. "Mimi shangazi yako," alisema, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kama cha mtu aliyekuwa akifua tangu asubuhi.

Kumbe baba aliwahi kuwasimulia habari zangu, Tusekile aliwaza, na moyo ukamlainika.

Uani palikuwa na shamrashamra. Wali ulikuwa ukitokota kwenye masufuria makubwa, na samaki aina ya mbasa walioletwa kutoka ziwani walikuwa wakikaangwa. Zebedayo, binamu yake mwenye mji, alimpa daftari na kalamu. "Dada, wewe mwalimu una mwandiko. Utuandike wote, tusipotezane tena."

Akakaa mkekani, watu wakawa wanakuja mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina lake na la mzazi wake. Yule shangazi hakubanduka ubavuni mwake. Alimsimulia jinsi Anyelwisye alivyokuwa akimkimbia kuku anayeatamia, alivyoiba kakao mbichi za jirani ili afyonze utamu wa mbegu zake, alivyobadilishana shati na pacha wake Lugano ili kumchanganya mwalimu. Tusekile alicheka hadi machozi. Hakuwa amejua kwamba baba yake alikuwa na pacha.

"Na wewe shangazi, nikuandike nani?"

"Andika jina lolote utakalopenda kuniita," yule mama alisema taratibu. "Ilimradi liwe chini ya babu yako, pamoja na baba yako. Andika sasa, mwanangu, kabla hatujala."

Kalamu ilisita. Ni mtu gani asiye na jina lake? Ndipo Tusekile alipoisikia harufu, harufu ya tope la ziwa na matumbo ya samaki yaliyoachwa juani. Akatazama chini. Mkeka pale alipokaa yule mama ulikuwa umelowa chapachapa, na unyevu ule ulikuwa ukitambaa polepole kuelekea kwenye goti lake, ilhali siku hiyo haikunyesha hata tone.

"Nakuja, shangazi," alisema, akaondoka bila kugeuka.

Alimkuta Prisca, mke wa Zebedayo, akipakua wali. "Wifi, yule mama mwenye kitenge cha kijani ni nani?"

"Si mmekuja wote? Sisi tulijua ni wa upande wenu."

Akamwendea Lameck, ndugu mwingine aliyetoka kijiji cha Ikombe kwa mtumbwi na familia yake. Lameck akatikisa kichwa. "Sisi tumemkuta hapahapa. Tukajua ni wa Ipinda."

"Anasema ni dada wa baba," Tusekile alinong'ona.

Prisca alikuwa amemfuata nyuma; mwiko ulimponyoka. "Babu alikuwa na binti mmoja tu. Ni mama mkwe wangu, na yuko ndani, miguu inamsumbua. Twende."

Shangazi Elizabeth alikuwa amelala chumbani, pazia limeshushwa. Kabla Tusekile hajamwamkia, bibi yule aliinua kichwa, akanusa hewa, kisha akaushika mkono wa mgeni wake na kuunusa pia.

"Nani amekushika?" aliuliza. Tusekile alipomweleza, bibi aliuachia mkono ule, akajifuta kiganja kwa shuka.

"Mwaka wa themanini na saba tulikusanyika hivihivi," alisema kwa sauti ya chini. "Akaja mwanamke amelowa. Mimi nikajua ni ndugu. Nikampa sahani, nikamwita dada. Akala. Kesho yake Lugano aliamka akasema dada anamwita. Alitembea hadi ziwani, akaingia, hakutoka tena. Baba yako alijua ni mimi niliyempokea yule kiumbe. Hakunisemesha mpaka akafa."

"Ni nini, shangazi?"

"Wenye maduka kule Bondeni, watu wa pwani, wangesema ni jini. Wazee wetu hawakumpa jina, maana jina ndilo analolitafuta. Akipata jina na chakula anakuwa ndugu, na ndugu hakosi cha kuchukua. Umeshamwandika?"

"Bado."

"Umemwita nini?"

"Shangazi."

"Basi ni wewe utakayemkana, mbele ya watu, kabla sahani haijamfikia. Atakupa kile unachokitamani kuliko vyote. Usikipokee."

Alipotoka nje jua lilikuwa linazama na sahani zilikuwa zimeanza kupita, mkono kwa mkono, kutoka jikoni hadi kwenye majamvi, na pale katikati ya watoto yule mama alikuwa ameketi akitabasamu, matone yakidondoka kutoka kwenye ncha za nywele zake, mikono yote miwili ameinyoosha kupokea, na sahani ilikuwa imebakiza watu watatu, ikabakiza wawili, ikafika kwa Tumaini, mtoto wa mwisho wa Lameck, aliyegeuka kumpa kwa adabu kama alivyofundishwa.

"Usimpe!"

Sahani ilimdondoka Tumaini, wali ukamwagika.

"Wewe si shangazi yangu," Tusekile alisema. "Sikujui. Ukoo huu haukujui."

Yule mama hakukasirika. Alifumbua kinywa, maji meusi yakamchuruzika kidevuni, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo wa tumbaku, sauti ambayo Tusekile alikuwa ameisikiliza kwenye simu yake kila jioni tangu msiba, katika ujumbe mmoja mfupi aliouhifadhi.

"Seki, mwanangu. Niache nikae. Nitakusimulia yote niliyokunyima."

Jinsi alivyotamani! Usiku wote wa safari alikuwa akiwaza maswali ambayo hakuwahi kumwuliza baba yake, na sasa sauti ile ilikuwa hapa, hatua nne kutoka alipo, ikimngoja aseme neno moja tu, ndiyo. Machozi yalimtoka.

"Baba yangu hakutaka kurudi hapa," alisema. "Wewe ndiye uliyemfukuza kwao. Toka."

Yule mama aliinuka taratibu, akajipenyeza kwenye migomba nyuma ya nyumba. Hakuna jani lililotikisika.

Chakula chote kilimwagwa, kikapikwa kingine. Giza lilipoingia, Zebedayo na Lameck walimtoa Elizabeth kwa kiti, wakamweka karibu na moto. Aliamuru watu wote wakae duara, washikane mikono. Kila mtu ataje jina lake na la mzazi wake, na aliye kulia kwake ajibu kwamba anamjua. Wasiache nafasi hata moja.

"Mimi Zebedayo, wa Elizabeth."

"Ni wetu."

"Mimi Lameck, wa Ambilikile."

"Ni wetu."

Zamu ikamfikia. "Mimi Tusekile," alisema, "wa Anyelwisye."

Elizabeth, aliyekuwa kulia kwake, aliubana mkono wake mpaka vidole vikauma. Mashavu ya bibi yalikuwa yanang'aa kwa machozi. "Ni wetu," alijibu. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante kwa kuja. Ni wetu."

Duara likazunguka polepole, jina baada ya jina, hadi likaishia kwa Tumaini, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukosea. Mikono yote ilikuwa imeshikana. Hakuna aliyebaki. Kuni zilipasuka, kisha moto ukatulia, watu wakaanza kuvuta pumzi.

Nyuma yao, gizani kwenye migomba, mtu akakohoa kidogo, kama anayesafisha koo kwa sababu zamu yake imefika.