Chafya Isiyo na Jina

Mtoto alipiga chafya wakati hakuna aliyekuwa ameitwa.

Kogo, nyanyake Rodney baba wa mtoto, alikuwa kwenye simu kutoka Bomet, sauti imewekwa spika, akiwataja wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Ndivyo wanavyofanya kwao tangu zamani: yule ambaye jina lake likitajwa mtoto anapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Nyumbani pua ya mtoto husaidiwa na ugoro. Hapa Doha ugoro utautoa wapi? Ubebe kwa ndege, halafu uanze kumweleza afisa wa airport kwamba huu unga wa kahawia, sir, ni wa kuwaamsha mababu? Kwa hivyo Rodney alibisha patisheni ya pili, chumba cha jirani, kwa Shamira, Mganda wa Jinja anayesindikiza watoto kwenye basi la shule, akaazima chetezo chake na udi kidogo. Moshi ni moshi, alisema. Pua haina dini.

"Arap Koech," Kogo aliita. Kimya. "Arap Sang." Kimya. "Arap Mosonik."

Simu ikakatika. Credit imeisha. Ile sauti ya mwanamke wa mtandao ikaanza kueleza jambo kwa Kiarabu, na katikati ya maelezo yake mtoto akapiga chafya. Moja tu, nzito, kama ya mzee.

Chebet, mamake, akaangua kicheko. "Haya, amerudi mtu wa kampuni ya simu!"

Walipompata Kogo tena, yeye hakucheka.

"Alipiga akiitwa nani?"

"Hakuna, Kogo. Laini ilikuwa imekatika."

"Basi rudieni," Kogo akasema polepole. "Mlango umefunguliwa na hamjui nani ameingia. Rudieni leo."

Wakasema watarudia wikendi. Nani ana haraka? Mtoto wakaendelea kumwita Kibet, jina la aliyezaliwa mchana, na mambo ya mababu yakasahaulika.

Kuna mmoja Kogo alikuwa amemruka makusudi. Kiprono, mdogo wake Rodney, ndiye peke yake aliyemwita kakake "Rodi". Alisomea uhandisi, akahitimu, akatembeza vyeti Nairobi mpaka viatu vikaisha soli, akarudi Bomet, akajitoa uhai. Wafu wa namna hiyo hawaitwi. Siku ya mazishi pasta alikataa hata kupita geti. Alisimama barabarani, Biblia kwapani, akatangaza kwamba kijana ameenda moja kwa moja motoni, kisha akakubali kubebewa chakula nyumbani kwake.

Rodney naye alikuwa na digrii ya Statistics, second upper. Doha alikuja kwa visa ya mkewe, nesi wa kliniki moja ya watu binafsi, na kwenye kitambulisho chake serikali haikuandika mtakwimu. Siku nzima alikuwa akituma CV na kuongea na ukuta. "Mimi si nilizaliwa tu? Nani aliniuliza? Ningeulizwa ningesema not interested, thank you. Unaletwa bila hiari, unapewa mtihani bila silabasi, na ukifeli, moto milele. Hata chuo kikuu hawakuwa na roho mbaya hivyo." Chebet alikuwa ameacha kujibu. Ukuta, kumbe, ulikuwa unasikiliza.

*

Ilikuwa mwaka wa 2014, kiangazi. Likizo ya uzazi ya Chebet ikaisha, akarudi kazini, Rodney akabaki na mtoto kwenye chumba chao ndani ya villa moja ya Umm Salal, pembezoni mwa Doha, iliyokatwakatwa kwa kuta nyembamba za jipsamu ikawa vyumba vya wapangaji. Adhuhuri hapo nje hakuna kiumbe. Hata paka wanaingia chini ya magari wakalala kama wamekufa. Ndani ni giza la mapazia na mngurumo wa AC, na mngurumo huo ndio uhai wenyewe. Ukizimika, chumba kinakuwa tanuri kabla hujamaliza kutafuta viatu.

Kwanza ilikuwa harufu. Kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na hakuna aliyewasha kiberiti. Halafu joto la mtoto. Chebet alimpima, thermometer ikasema mzima kabisa, lakini mkono wake aliuondoa haraka kwenye kifua cha mwanawe kama aliyegusa sufuria.

"Babe, huyu mtoto halii," akasema kwa sauti ya chini.

"Si ndio vizuri? Watu wanalipia hiyo."

"Mimi ni nesi, Rodney. Mtoto asiyelia si mtulivu. Ni mgonjwa."

Kliniki hawakuona kitu.

Halafu sauti. Nyuma ya jipsamu, upande wa nje, upande ambao hauna chumba bali jua na ukuta wa jirani, mtu alikuwa akijikuna. Polepole, toka chini kwenda juu. Rodney akijisemea kwamba ni panya, sauti ilinyamaza. Akiinamia kitanda cha mtoto, ilianza tena, lakini sasa haikutoka ukutani.

Adhuhuri moja alikuwa akitikisa chupa ya maziwa, akinung'unika kama kawaida juu ya kampuni iliyomjibu kwamba ana elimu kupita kiasi, na alipofika pale pake pa "nani aliniuliza", akajibiwa.

"Hata mimi."

Kavu. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kunywa maji. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo umefungwa, macho wazi, yanamtazama.

Chupa ikaanguka.

"Wewe... nani?"

"Nilikuwa nakaa nyumba hii kabla haijagawanywa. Nikasikia udi. Nikasikia watu wanaitwa, karibu, karibu, rudini. Mimi sijawahi kuitwa na mtu. Nikaingia."

"Kiswahili umejifunza wapi?" Maulizo ya kijinga, lakini hofu haichagui maulizo.

"Kwako. Unalalamika kutwa."

Rodney akataka kukimbia, na miguu ikakataa, kwa sababu kukimbia kulikuwa ni kumwacha mtoto na kubaki kulikuwa ni kusikiliza.

"Toka ndani ya mtoto wangu. Tafadhali. Wallahi, sijui mnaombwaje."

"Nikitoka niende wapi?" Sauti haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomkata maini: ilikuwa na huzuni ya mtu aliyechoka. "Niliumbwa kwa moto, sikuulizwa. Nikaambiwa nitahukumiwa kama nyinyi. Nikikosea, motoni. Nimekosea, ewe Rodney. Nimeishi miaka mingi kuliko huu mji, ningekosaje kukosea? Lakini mtoto hana dhambi. Mtoto akifa kabla hajajua baya na jema haulizwi kitu, anapita. Msikitini wanasema hivyo, na kanisani kwenu wanasema hivyo. Nimejikunja ndani yake. Akipita, nami nimepita."

"Umuue?"

"Siwezi. Sina ruhusa. Wewe ndiye unaweza." Kisha, kwa upole wa kutisha: "Hutafanya kitu kikubwa. Zima AC, utoke, ufunge mlango."

Rodney akaiokota chupa ya maziwa, akaifuta kwa shati.

"Wewe mwenyewe umesema, nimekusikia. Mmemleta bila kumuuliza. Atasoma, atatembeza vyeti, atachoka. Akichoka kama yule mwingine, watasema yuko wapi? Mdogo wako angepita akiwa wa umri huu, si angekuwa peponi sasa? Anayempenda mtoto ni nani, anayemwacha acheze kamari na moto wa milele, au anayempitisha mapema?"

Na hapo ndipo palipokuwa pabaya, kwa maana Rodney aliitafuta kasoro ya hoja ile, yeye mtu wa probability, akaitafuta kama alivyofundishwa, akapiga hesabu kwamba hasara isiyo na mwisho ukiizidisha kwa uwezekano wowote, hata mdogo kama punje, jibu ni hasara isiyo na mwisho, akamwona Kiprono akiwa mdogo amekaa jikoni anamenya kiazi kitamu na kupanga maganda pembeni kwa mstari, akamwona pasta barabarani, akaziona kucha ndogo za mwanawe ambazo Chebet huzikata kwa meno kwa kuogopa mkasi, na mkono wake, ambao baadaye angeapa kwamba haukuwa wake, ukachukua rimoti, na chumba kikanyamaza.

Hakutoka. Hakuwasha tena. Alisimama tu, rimoti mkononi, jasho likianza kumchuruzika mgongoni, na mtoto akimtazama bila kupepesa, na harufu ya kiberiti ikinenepa, na lile joto la nje likiingia chini ya mlango kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

Ngo, ngo. "Baba Kibet? Mbona kimya? AC imekufa?"

Shamira. Ukuta wa jipsamu hauna siri. Aliuzoea mngurumo wa AC yao kama wake. Hakungoja jibu. Alisukuma mlango, akaona rimoti mkononi, akaona uso, akaona mtoto mwekundu kama nyanya, akamnyang'anya Rodney rimoti na kuiwasha.

"Ssebo, una wazimu? Unataka kumpika mtoto?"

"Kuna mtu ndani yake," Rodney akanong'ona, kisha akaketi sakafuni akalia kama ambavyo hakulia kwenye msiba wa mdogo wake.

Shamira alivuta pumzi, akanusa. Akajifunga mtandio vizuri. Akaanza kusoma Ayatul Kursi, mkono juu ya kitanda bila kugusa, na alipofika katikati ya aya akasikia mwingine anasoma naye. Nyuma yake kidogo, kwa sauti kavu, kwa herufi zilizonyooka kuliko zake. Wakamaliza pamoja. Mwingine akasema amina.

Shamira akarudi nyuma mpaka akagonga kabati.

"Huyu anaswali," akasema. "Baba Kibet, mimi wa kusoma nusu nusu nitamfukuza vipi mtu anayenirekebisha? Bambi, maskini, analia. Humsikii? Analia." Akafuta uso. "Aliingilia wapi?"

Rodney akamweleza: simu, udi, chafya.

"Basi mtoto ni nyumba yenye mlango isiyo na mwenyewe. Mwite huyo mwenye nyumba. Hamkumaliza."

"Ni kazi ya wanawake wazee. Na Kogo..."

"Kogo yuko Bomet! Mtoto anaungua hapa!"

Akawasha chetezo. Rodney akapiga magoti. Arap Koech. Arap Sang. Arap Mosonik. Alimwita babu yake, akamwita babake. Hakuna. Moshi ulipanda, mtoto alitazama, midomo yake imeanza kukauka na kupasuka. Wafu wote wa heri walikuwa wamekwisha.

"Umemaliza?" sauti ikauliza, na ndani yake mlikuwa na kitu kama hofu.

"Amebaki mmoja."

"Huyo aliondoka mwenyewe. Huyo alichagua. Utamrudisha bila kumuuliza? Wewe?"

Rodney aliufunika uso kwa viganja. Halafu akaita, kwa sauti iliyopasuka, jina ambalo halikuwa limetamkwa nyumbani kwao tangu mazishi.

"Kiprono!"

Mtoto akapiga chafya.

Jipsamu ikapasuka toka dari hadi sakafu, ufa mwembamba kama unywele. Harufu ya kiberiti ikatoka chumbani kama mgeni aliyefukuzwa mvuani, na mlangoni, ikiwa tayari mbali, sauti ile kavu ikasema, "Na mimi nani ataniita?" Shamira hajawahi kumsimulia mtu jambo hilo bila kulia.

Kibet akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya kelele, ya mtoto kabisa, mpaka Chebet akarudi kutoka kazini na bado analia.

*

Mambo yakanyooka. Rodney alipata kazi ya data ofisini, Chebet hakuambiwa habari ya rimoti, na Kibet akafika miaka minne akiwa na afya, mwenye maneno machache. Jioni moja Chebet alichemsha viazi vitamu. Mtoto akamenya chake taratibu, akayapanga maganda pembeni, kwa mstari. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Chebet alikwenda jikoni. Mtoto akainua macho.

"Rodi."

Kijiko kilimponyoka Rodney.

"Mbona uliniita?"

Rodney alijua kuna jibu la kweli, kwamba alimwita ili mtu mwingine atoke, na akashindwa kulitoa.

"Nilikukosa sana," akasema. Kisha akauliza lile lililomkosesha usingizi tangu siku ile pasta aliposimama barabarani. "Huko ulikokuwa. Kulikuwa na moto?"

Mtoto akafikiri, akitafuna.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimelala tu."

Akachukua kiazi kingine, akaanza kukimenya.

"Ungeniuliza kwanza."